Roald Dahl: Kijana wa Shell, Dar es Salaam, aliyekuja kuandika Matilda

Mwaka 1938 meli iitwayo Mantola ilitia nanga Mombasa ikiwa na kijana mmoja wa Kiingereza mwenye asili ya Norway, mwembamba, mwenye kimo cha karibu mita mbili. Kampuni ya mafuta ya Shell ilikuwa imempangia kazi Tanganyika. Alihamia chombo kidogo cha mwambao, akashuka Dar es Salaam, akaanza kuuza mafuta na grisi kwa wenye mashamba ya mkonge na wachimba madini. Alikuwa na miaka 22 na hakuwa ameandika kitabu chochote.

Kijana huyo ni Roald Dahl. Wasomaji wengi wanamfahamu kwa Matilda, kwa Charlie na kiwanda chake cha chokoleti, au kwa filamu zilizotokana na vitabu hivyo. Wachache wanakumbuka kwamba aliishi kwetu zaidi ya mwaka, akajifunza Kiswahili, akaugua malaria na kukutana na koboko. Mwandishi aliyesifika kwa kusimama upande wa mdogo dhidi ya mkubwa anapaswa kusomwa pamoja na mwaka ule, kwa sababu Dar es Salaam mkubwa alikuwa yeye.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, kando ya Cardiff nchini Wales. Jina Roald alipewa kwa heshima ya Amundsen, Mnorway aliyekuwa mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Baba yake, Harald, alikuwa na biashara ya kuhudumia meli bandarini Cardiff, na familia iliishi vizuri. Kisha ukaja mwaka 1920. Dada yake Astri alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo akiwa na miaka saba, na wiki chache baadaye baba naye akafariki kwa homa ya mapafu. Roald alikuwa na miaka mitatu. Mama, Sofie Magdalene, angeweza kurudi kwa ndugu zake Norway, lakini alibaki kwa kuwa marehemu alitaka watoto wasome shule za Uingereza.

Shule hizo zilimjeruhi. Alipelekwa bweni Weston-super-Mare akiwa na miaka tisa, halafu Repton, na kila alikopita alikuta bakora, wanafunzi wakubwa waliowafanya wadogo watumishi wao, na walimu ambao hakuna aliyethubutu kuwahoji. Kila Jumapili alimwandikia mama yake, na mama alizihifadhi barua zake zote, zaidi ya 600, bila kumwambia. Katika kitabu chake cha utotoni, Boy, cha mwaka 1984, alimtaja mkuu wa shule ya Repton kama mtu aliyemchapa mwanafunzi kikatili kisha akapanda hadi kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Waandishi wa wasifu walipochunguza tarehe, waligundua kwamba mkuu huyo alikuwa amekwisha kuondoka Repton wakati wa tukio hilo. Bakora ilikuwa ya kweli, aliyeishika alikuwa mwingine. Anayesoma kumbukumbu za Dahl alikumbuke hilo, hasa anapofika kwenye kurasa za Tanganyika.

Kurasa hizo zimo katika Going Solo, kitabu cha mwaka 1986. Ndani yake kuna simba aliyembeba mke wa mpishi kinywani kisha akamwacha bila jeraha, na nyoka wa kila aina. Kuna pia Mdisho, Mnyamwezi kijana ambaye Dahl anamwita boi wake kama walivyofanya wazungu wote wa wakati ule, na ambaye anamsifu kwa uaminifu, nguvu na ucheshi. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, Dahl alipewa askari wa King's African Rifles na kutumwa kuwazuia Wajerumani waliokuwa wakikimbilia kusini, kuelekea eneo la Wareno. Tanganyika ilikuwa koloni la Ujerumani hadi Vita Kuu vya Kwanza, na Wajerumani wengi walikuwa bado wanaishi humo. Kitabu kinasema kwamba siku hizo Mdisho alichukua upanga wa Kiarabu uliotundikwa ukutani, akakimbia usiku hadi kwenye shamba la mkonge na kumuua Mjerumani mwenye shamba, akidhani anamsaidia bwana wake vitani.

Nikitazama namna alivyobadili mambo ya Repton, siwezi kuichukua hadithi hiyo kama ushahidi wa mauaji. Ninachokiona wazi ndani yake ni jinsi Dahl alivyowatazama watu wa nyumba yake. Mdisho anapendwa, lakini anapendwa kama mtoto: haelewi vita, hajui sheria, anasubiri kuelezwa. Hapati nafasi ya kumtazama bwana wake kama Matilda anavyomtazama baba yake, kwa jicho linalopima na kuhukumu. Kwa mwandishi aliyekuwa na kipaji kikubwa cha kuona dunia kutoka chini, pengo hilo linauma.

Novemba 1939 aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Kwenye ndege ndogo ya mafunzo, Tiger Moth, kichwa chake kilipita juu ya kioo cha mbele, na upepo ukamnyima pumzi mpaka akajifunga kitambaa usoni. Hadithi yake fupi iitwayo An African Story, iliyomo katika mkusanyiko wake wa kwanza wa mwaka 1946, inatokana na nyanda za juu za Kenya alizozifahamu wakati huo.

Tarehe 19 Septemba 1940 alikuwa akipeleka ndege aina ya Gladiator kwa kikosi chake kipya katika jangwa la Afrika Kaskazini. Maelekezo aliyopewa hayakuwa sahihi. Giza likaingia, mafuta yakakaribia kwisha, akajaribu kutua jangwani na ndege ikapiga mwamba. Fuvu lilipasuka, pua ikasagika, na kwa wiki kadhaa hakuona kitu. Alipopona alipelekwa Ugiriki, ambako Aprili 1941 marubani wachache wa Kiingereza walipambana na ndege za Kijerumani zilizowazidi kwa mbali, na wenzake wengi wakafa. Maumivu ya kichwa yalimwondoa angani moja kwa moja.

Mwaka 1942 alipelekwa Washington kufanya kazi ubalozini. Huko mwandishi mashuhuri wa riwaya, C. S. Forester, alimwomba amsimulie mambo ya vita ili ayaandike. Dahl aliahidi kuandika mwenyewe. Makala aliyotuma ilichapishwa katika Saturday Evening Post mwezi Agosti mwaka huo kwa kichwa kilichodai kwamba alitunguliwa Libya, ilhali hakuna aliyemtungua. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha kwanza cha watoto, The Gremlins, kilichotayarishwa pamoja na Walt Disney. Baada ya hapo kwa karibu miaka 20 aliandikia watu wazima, hadithi fupi za kutisha zenye mwisho usiotarajiwa.

Aliwarudia watoto alipokuwa baba. Mwaka 1953 alimuoa mwigizaji wa Marekani, Patricia Neal, na James and the Giant Peach kikatoka mwaka 1961. Lakini miaka ileile nyumba yake ilipigwa mara tatu. Desemba 1960 teksi iligonga kigari cha mwanawe Theo, mwenye miezi minne, katika mtaa wa New York. Maji yalijaa kichwani mwa mtoto, na vali ya mpira wa kuyatoa ikawa inaziba mara kwa mara. Dahl hakukaa kusubiri. Alimwendea Stanley Wade, fundi aliyetengeneza pampu ndogo za ndege za kuchezea, akamkutanisha na daktari wa upasuaji wa ubongo, Kenneth Till. Watatu hao wakabuni vali isiyoziba na kukataa kuchukua faida yoyote. Ilipokuwa tayari Theo hakuihitaji tena, ila maelfu ya watoto katika nchi nyingine waliwekewa.

Novemba 1962 binti yake wa kwanza, Olivia, alipata surua, na virusi vikashambulia ubongo. Alifariki akiwa na miaka saba, umri uleule wa Astri. Chanjo ya surua iliidhinishwa Marekani mwaka uliofuata. Dahl hakuweza kumzungumzia mtoto huyo kwa miaka mingi. The BFG, kitabu cha jitu jema linalopuliza ndoto vyumbani mwa watoto, alikiandika kwa kumbukumbu yake mwaka 1982. Katika miaka ya 1980 aliandika barua ya wazi kuwaomba wazazi wa Uingereza wawachanje watoto wao, akieleza jinsi Olivia alivyoonekana kupata nafuu, akikaa kitandani, kisha vidole vyake vikakataa kumtii. Barua hiyo bado inasambazwa na wahudumu wa afya, na kwangu ni kati ya kazi zake bora.

Pigo la tatu lilikuja Februari 1965, Neal alipopata kiharusi mara tatu mfululizo akiwa mjamzito. Dahl alipanga majirani wa kijiji cha Great Missenden waje kwa zamu kumfundisha kusema na kusoma, saa nyingi kila siku, kwa ukali ambao wengine waliuona ukatili. Mtoto alizaliwa salama, na miaka mitatu baadaye Neal alirudi kwenye filamu. Waliachana mwaka 1983.

Ni katikati ya mateso hayo ndipo kilipotoka kitabu kilichomtajirisha. Charlie and the Chocolate Factory kilichapishwa Marekani mwaka 1964. Chanzo chake ni Repton, ambako kampuni ya Cadbury iliwapelekea wanafunzi maboksi ya chokoleti wazionje na kuzipa alama. Katika toleo la kwanza, wafanyakazi wa kiwanda, Oompa-Loompa, ni mbilikimo weusi waliotolewa msituni Afrika. Willy Wonka anawasafirisha kwa siri ndani ya makasha yenye matundu ya hewa, anawalipa kakao badala ya fedha, na kujaribia peremende zake miilini mwao. Nao wanaimba kwa furaha.

Mtu aliyeandika hayo alikuwa ameishi Dar es Salaam, safari fupi kutoka Bagamoyo, mahali ambapo watu walipakiwa majahazini kupelekwa sokoni Unguja. Na Cadbury yenyewe iliacha kununua kakao ya São Tomé mwaka 1909, baada ya kelele za miaka kadhaa kuhusu Waangola waliofanyizwa kazi huko kama watumwa. Historia ilikuwa pande zote mbili za Dahl, na hakuiona. Chama cha NAACP cha Wamarekani weusi kililalamika filamu ilipokuwa ikitayarishwa, na katika filamu ya mwaka 1971 Oompa-Loompa wakapewa nyuso za rangi ya chungwa. Dahl alisema hakuwa na nia mbaya, nami naamini. Mwaka 1973 aliandika upya kurasa hizo, akawafanya watu wa nchi ya kubuni, wenye ngozi nyeupe. Makasha yalibaki. Linalosikitisha zaidi ni kwamba katika rasimu ya awali Charlie mwenyewe alikuwa mtoto mweusi. Mjane wa Dahl, Felicity, alisema hivyo hadharani mwaka 2017, na mwandishi wa wasifu wa Dahl akaeleza kwamba wakala wake ndiye aliyepinga.

Kazi yake aliifanya kwenye kibanda cha bustanini, kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa nyingine mbili alasiri, ameketi kwenye kiti cha zamani cha mama yake kilichotobolewa nyuma ili mgongo usiumie, ubao magotini, penseli sita za njano zimechongwa tayari. Mezani aliweka kipande cha mfupa wa nyonga yake mwenyewe, kilichotolewa hospitali. Alifuta kuliko alivyoandika. Kuanzia mwaka 1978 alifanya kazi na mchoraji Quentin Blake, ambaye mistari yake myepesi ilipunguza ukali wa maneno. Wahariri nao walimsaidia: katika rasimu ya kwanza Matilda alikuwa mtoto mwovu, na Dahl alilazimika kuandika upya hadi kikawa kitabu tunachokijua, cha mwaka 1988. Mkuu wa shule ndani yake, Trunchbull, amebeba bakora zote za shule za Llandaff, Weston na Repton.

Alifariki tarehe 23 Novemba 1990. Mwaka 2020 familia yake iliomba radhi kwa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi aliyoyatamka mbele ya waandishi wa habari, maneno ambayo hakuyajutia. Mwaka 2021 Netflix ilinunua haki za kazi zake zote, na mwaka 2023 ukazuka ubishi mkali wachapishaji walipobadilisha mamia ya maneno vitabuni, kama vile yanayotaja unene na sura za watu.

Mimi natofautisha mabadiliko hayo na yale ya 1973. Yale aliyafanya Dahl mwenyewe, akiwa hai, baada ya kuambiwa na watu aliowaumiza, na mtoto wa leo apewe toleo hilo. Haya ya 2023 yalifanywa na wengine baada ya kifo chake, na yanaondoa ukali uliowavuta watoto kwake tangu mwanzo. Toleo la 1964 nalo lihifadhiwe maktabani, walimu wetu waweze kulisoma sambamba na Going Solo na kuona jinsi Mdisho na Oompa-Loompa wanavyofanana.