Nyumba za Benki na Wahamao Nchini Marekani

Kuporomoka kwa soko la mikopo ya nyumba nchini Marekani kuanzia 2007 kuliziachia benki nyumba nyingi zilizotwaliwa, yaani zile zilizokosa mnunuzi mnadani baada ya wakopaji kushindwa kulipa rehani, hususan katika majimbo ya Nevada, Arizona na Florida. Ziliuzwa kama zilivyo, bila dhamana ya ubovu, hivyo aliyehamia kikazi kutoka mbali aliweza kukuta nyaya za shaba zimeng'olewa na kuvu imetanda ukutani. Benki kadhaa kubwa ziliposimamisha utwaaji Oktoba 2010, kwa sababu ya viapo vilivyosainiwa bila kusomwa, mauzo mengi yalikwama, na ikadhihirika kwamba unafuu wa bei haufidii hati yenye shaka.