Kamiriithu: Darasa Lililotangulia Jukwaa

Wahakiki wengi wanapoitaja Kamiriithu huanza na tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, na mara husahau kwamba kabla ya jukwaa palikuwapo darasa. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji hicho cha Limuru alikwenda mara kwa mara nyumbani kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, akimtaka yeye na wasomi wenzake wawagawie wanakijiji sehemu ya elimu yao. Ombi hilo ndilo chanzo. Wazo halikutoka Chuo Kikuu.

Kiwanja kilikuwa cha ekari nne, kilichotengwa kwa ajili ya vijana, na jengo lililokuwapo ni banda la udongo lenye vyumba vichache, lililokaribia kuanguka. Humo watu wazima walifundishwa kusoma na kuandika, Ngũgĩ wa Mĩriĩ akiwa mratibu. Kisomo kilikuwa hatua ya kwanza ya mpango uliokusudia kufikia utamaduni, kazi za mikono na afya. Mchezo ulizaliwa ndani ya mpango huo.

Jambo linalowahusu hasa wanaisimu ni namna matini ilivyosahihishwa. Muswada ulioandikwa na akina Ngũgĩ wawili ulisomwa hadharani, na mazoezi yakafanywa uwanjani, mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Wakulima na vibarua waliwakosoa waandishi bila haya: mzee hasemi hivi, akitakiwa awe na heshima, lazima atumie methali kadha wa kadha. Mwandishi aliyejijengea jina kwa Kiingereza akawa mwanafunzi wa Kikuyu, lugha ya mama yake mwenyewe! Ni nadra katika historia ya fasihi yetu mwalimu na mwanafunzi kubadilishana viti waziwazi namna hiyo.

Wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa watu wapatao elfu mbili, na maonyesho yakaanza tarehe 2 Oktoba, 1977. Kibali kiliondolewa tarehe 16 Novemba. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Riwaya zake za Kiingereza hazikuwa zimempeleka huko. Ilitosha kwamba safari hii wasemwao waliyaelewa yaliyosemwa.

Kituo hakikufa mara moja. Mapema mwaka 1982 wasanii wake walifanya mazoezi ya Maitũ Njugĩra, wakafungiwa milango ya Jumba la Michezo la Taifa, wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi. Tarehe 11 Machi usajili wa kituo ulifutwa. Kesho yake polisi walifika kwa malori matatu, wakaubomoa ukumbi.

Mwaka huohuo tamthilia ilitoka kwa Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda. Tafsiri hiyo imebaki vitabuni. Ngũgĩ wa Mĩriĩ naye alikimbilia Zimbabwe, akaendelea na michezo ya kuigiza ya vijijini hadi alipofariki mwaka 2008.