Chapa ya Marudio

Ukinunua leo dukati ya dhahabu ya Austria, yaelekea utaikuta na sura ya Kaizari Franz Joseph na mwaka 1915. Kaizari alifariki 1916, lakini kiwanda cha sarafu cha Vienna hakijaacha kuipiga: mwaka uleule, gramu zilezile 3.49, usafi uleule wa sehemu 986 kwa 1,000. Wafaransa huiita sarafu ya namna hii refrappe, Wajerumani Nachprägung. Sisi tuiiteje?

Neno la kwanza kuja mdomoni ni "nakala", nalo linaidhulumu, maana dhahabu ni halisi na aliyeipiga ana haki ya kuipiga. "Bandia" ni dhuluma kubwa zaidi. Hiyo ni kazi ya mghushi. "Sarafu iliyofuliwa upya" inavutia, kwa kuwa tunaye mfua dhahabu, ila msikilizaji atadhani sarafu kuukuu imerudishwa kwenye nyundo.

Napendekeza "chapa ya marudio". Kupiga chapa tunako tangu zamani, na kila msikilizaji wa redio anajua kipindi cha marudio: maneno ni yaleyale, sauti ni ya mtangazaji yuleyule, saa ndiyo nyingine. Ndivyo ilivyo dukati hii. Istilahi inapaswa kulinda mambo mawili kwa pamoja, uhalali wa kiwanda na uchelewaji wa wakati, na hii inayalinda.

Pwani yetu iliwahi kuishi na chapa ya marudio bila kuipa jina. Riale ya fedha ya Maria Theresa, iliyozunguka Zanzibar karne ya 19, ilibeba mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, hata ilipopigwa miongo mingi baadaye.

Kwa mkusanyaji, tofauti hii ni pesa. Faranga 20 za Ufaransa zenye jogoo, za miaka ya 1907 hadi 1914, zilirudiwa kati ya 1951 na 1960. Za marudio huwa na wekundu zaidi. Pauni ya dhahabu ya Uingereza ya 1925 ilirudiwa 1949, 1951 na 1952, ilhali Mfalme George wa Tano aliye juu yake alifariki 1936. Kwa kawaida chapa ya marudio huuzwa karibu na thamani ya dhahabu yake. Ya awali iliyo adimu huongezewa bei ya historia. Kwa hiyo orodha ya muuzaji iandike wazi: "Dukati, 1915, chapa ya marudio."