Kutoka Kuinua hadi Kutelezesha: Uhamishaji wa Wagonjwa Uingereza
Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wauguzi wa Uingereza walimhamisha mgonjwa kwa kumwinua, wawili wakimshika chini ya kwapa na mapaja, na kwa kuwa kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya kawaida, maumivu ya migongo yao, kwa dhuluma kubwa, hayakuangaliwa ipasavyo. Kanuni za usalama kazini za mwaka 1992, zilizoanza kutumika Januari 1993, ziliwataka waajiri waepushe, kadiri iwezekanavyo, unyanyuaji wenye hatari. Shuka la kutelezea, yaani kitambaa chepesi cha nailoni kinachopunguza msuguano, likazidi kuenea: mgonjwa hugeuzwa ubavu, shuka likaingizwa chini yake, ubao ukaziba mwanya kati ya vitanda viwili vilivyofungwa breki na kulinganishwa kimo, kisha akavutwa taratibu, ngozi yake isichubuke.