Jukwaa

Kwa wengi, jukwaa ni mahali pa kuhutubia au kuigiza. Waandishi wa programu wamelitwika neno hili kazi nyingine: mfumo endeshi unaobeba programu, kama Windows, Linux au macOS. Nalipenda kwa maana hiyo, kwani picha ya jukwaa la kawaida haipotei. Mwaka 1995 Sun Microsystems ilitoa Java, lugha ambayo programu yake huandikwa mara moja na kuendeshwa kwenye majukwaa tofauti. Hapa Kuresoi, nchini Kenya, hilo lina uzito. Kijana wa Keringet akiandika kwa Java kwenye Linux programu ndogo ya kurekodi magunia ya viazi, karani wa Olenguruone aweza kuifungua kwenye Windows bila programu hiyo kuandikwa upya. Walimu wa kompyuta, fundisheni istilahi “programu ya majukwaa mengi”.