Kiasi nafuu cha kuagiza

Kiasi nafuu cha kuagiza ni ukubwa wa oda unaoifanya jumla ya gharama za kuagiza na za kutunza mzigo ghalani iwe ndogo kabisa. Kanuni yake ilichapishwa mwaka 1913 na mhandisi Mmarekani Ford W. Harris, ambaye mawazo yake yalikuwa kwenye vipuri vya kiwandani, si chakula.

Mauzo ya mwaka huzidishwa kwa gharama ya oda moja, kisha kwa 2. Jibu hugawanywa kwa gharama ya kutunza gunia moja mwaka mzima, na hutafutwa kipeuo chake cha pili. Tuseme mfanyabiashara wa Dar es Salaam huuza magunia 3,600 ya mahindi kwa mwaka. Kila safari ya kufuata mzigo Makambako humgharimu shilingi 200,000, uwe mwingi au mdogo, na kutunza gunia ni shilingi 4,000. Kiasi chake ni magunia 600, mara 6 kwa mwaka, kwa shilingi 2,400,000. Akichukua 1,200, au 300, gharama hufika 3,000,000. Amekosea maradufu, kaongeza robo tu. Kanuni hii haimwadhibu sana mwenye makadirio ya kubahatisha, na wafanyabiashara wengi ndio hao.

Msimu huivuruga kanuni hii. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huvunwa katikati ya mwaka, bei ikiwa chini, kwa hiyo kujaza ghala mapema hulipa endapo bei itapanda zaidi ya kodi ya ghala, riba na hasara ya dumuzi zikijumlishwa.

Kwa vinavyoharibika upesi swali lenyewe hubadilika. Muuza mikate anayepata faida ya shilingi 300 kwa mkate uliouzwa, na hasara ya 100 kwa uliolala, huweka mikate ya kuwatosha wateja siku 3 kati ya 4. Siku ya nne baadhi watakosa, na hiyo ni sehemu ya hesabu.

Mzigo ukishaagizwa lazima usafirishwe, na njia za magari zina hesabu yake, iliyoanzishwa na watafiti Dantzig na Ramser mwaka 1959 kwa magari ya kusambaza petroli. Hatari ni kuifanya peke yake, bila hesabu ya oda: msimamizi wa usafiri hujaza lori la maziwa ili kila lita isafiri kwa bei ndogo, na hasara ya maziwa yanayoharibika huonekana dukani, kwenye vitabu vya mtu mwingine.