Taa ya injini ya dizeli isiyozimika: Tafuta chanzo kabla ya kununua kipuri

Na Mwandishi Wetu

WAMILIKI wengi wa magari ya dizeli yaliyotumika wanaifahamu hali hii: taa ya manjano yenye umbo la injini inawaka kwenye dashibodi, fundi anaizima kwa mashine ya kupimia, na baada ya siku chache inawaka tena.

Kinachofuata mara nyingi ni mlolongo wa matumizi. Inanunuliwa sensa moja, kisha vali, kisha sensa nyingine, na mwishowe mwenye gari anashauriwa akate chujio la moshi na kulitupa. Fedha zinakwisha, taa inabaki.

Kiini cha tatizo ni kwamba namba inayosomwa na mashine huchukuliwa kuwa jina la kipuri kilichokufa. Ukweli ni kwamba namba hiyo hueleza tu ni kipimo gani kimetoka nje ya mipaka yake. Haisemi kwa nini kimetoka.

TAA HII INALINDA NINI

Taa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kulinda injini pekee. Iliwekwa kwanza kwa ajili ya kulinda hewa. Marekani ilianza kuulazimisha mfumo huo katika magari ya toleo la mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukaanza kuutaka katika aina mpya za magari madogo ya dizeli mwaka 2003.

Kwa sababu hiyo, gari linaweza kwenda vizuri kabisa huku taa ikiwaka. Kompyuta ya injini imebaini kwamba moshi unaotoka, au kifaa kinachoudhibiti, hakiko katika kiwango kinachotakiwa.

Vifaa viwili ndivyo vinavyosumbua zaidi. Cha kwanza ni vali ambayo mafundi huiita EGR. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza ukali wa joto la uchomaji, na kwa njia hiyo kupunguza oksidi za nitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu.

Cha pili ni chujio la masizi, maarufu kama DPF. Gari la Peugeot 607 lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuuzwa yakiwa nalo, mwaka 2000. Baada ya viwango vya Euro 5 kuanza kutumika Ulaya mwaka 2009, chujio hilo likawa kitu cha kawaida katika magari madogo ya dizeli.

Magari yaliyokuwa mapya Ulaya na Japani katika miaka hiyo ndiyo ambayo leo yamezeeka katika barabara za miji ya Afrika Mashariki, yakiwa na vifaa ambavyo mafundi wengi hawakuvikuta katika injini walizojifunzia kazi.

HATUA YA KWANZA: USIFUTE KITU

Kosa linalofanyika mapema zaidi ni kufuta namba kabla ya kuziandika. Kompyuta inapowasha taa, huhifadhi pia hali ya injini ya wakati huo: mwendo wa gari, mzunguko wa injini, joto la maji na mzigo uliokuwapo. Taarifa hizo huonyesha kama hitilafu ilitokea gari likipanda mlima au likiwa limesimama kwenye foleni. Zikifutwa, ushahidi umepotea.

Mashine huunganishwa kwenye tundu lenye pini 16, lililo chini ya dashibodi upande wa dereva. Hata hivyo, baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani yana tundu la umbo hilo lakini hayatumii lugha ya kimataifa. Vifaa vidogo vya bei nafuu havisomi kitu humo, na hapo inahitajika mashine inayoijua kampuni iliyotengeneza gari.

Aidha, betri ipimwe kabla ya kulaumu sensa yoyote. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6, na injini ikiwaka alteneta inapaswa kutoa kati ya 13.8 na 14.5 katika magari mengi. Umeme ukiwa hafifu, kompyuta inaweza kuandika namba nyingi zisizo na uhusiano wowote.

NAMBA MOJA, VYANZO VINGI

Mfano mzuri ni namba P0401, inayomaanisha kwamba moshi unaorudishwa na EGR ni mdogo kuliko unaotarajiwa. Fundi mwenye haraka huagiza vali mpya.

Lakini katika magari mengi kompyuta haiupimi moshi huo moja kwa moja. Hupima hewa safi inayoingia kupitia sensa iliyo karibu na chujio la hewa. Vali inapofunguka, hewa safi inapaswa kupungua, kwa kuwa nafasi yake imechukuliwa na moshi. Isipopungua, kompyuta huhitimisha kwamba vali haikufanya kazi.

Kwa hiyo sensa ya hewa iliyochafuka, au mpira wa hewa uliopasuka, vinaweza kuleta namba ileile wakati vali ni nzima. Kipimo chake hakihitaji kipuri: mashine inaamuru vali ifunguke injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, na fundi anaangalia kama usomaji wa hewa unashuka. Ukishuka ipasavyo, vali inafunguka na njia yake iko wazi, na uchunguzi unahamia kwenye sensa na mipira.

Namba P0299, inayosema kwamba turbo haitoi msukumo wa kutosha, nayo imewafanya watu wengi wanunue turbo. Kabla ya hapo, mipira yote kati ya turbo na injini ichunguzwe, hasa sehemu za chini zisizoonekana kwa urahisi. Alama za oili kwenye maungio ni dalili ya mahali hewa inapovujia.

Sensa ya msukumo wa hewa pia hupimwa bila gharama. Swichi ikiwa imewashwa lakini injini haijawaka, inapaswa kusoma kanieneo ya hewa ya mahali gari lilipo. Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, ni takriban kilopaskali 101. Nairobi, iliyo juu zaidi, ni takriban 83. Sensa inayotoa tarakimu ya mbali na hizo inaidanganya kompyuta, au waya wake una kasoro.

CHUJIO LA MASIZI

Chujio hukusanya masizi kisha huyachoma. Ili yaungue, moshi unatakiwa kufikia joto la takriban nyuzi 600 za Sentigredi, na kompyuta hulipata kwa kuongeza dizeli kidogo baada ya uchomaji wa kawaida. Kazi hiyo huhitaji dakika kadhaa za mwendo usiokatizwa. Gari linalokwenda kilomita chache kwenye foleni asubuhi na jioni haliipati nafasi hiyo.

Namba P2463 humaanisha kwamba masizi yamezidi. Swali la kwanza si chujio linauzwa kiasi gani, bali kwa nini halijisafishi.

Majibu yanaweza kuwa madogo. Themostati iliyokwama wazi huifanya injini isifikie joto lake la kawaida, na katika magari mengi usafishaji hauanzi injini ikiwa baridi. Nozeli zinazovuja huzalisha masizi kuliko kawaida. EGR iliyokwama wazi hufanya vivyo hivyo.

Sensa inayolinganisha kanieneo ya moshi kabla na baada ya chujio nayo hudanganya. Injini ikiwa imezimwa inapaswa kusoma sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, au mipira yake midogo ikiwa imeziba au kupasuka, chujio linahukumiwa bila kosa.

Hali kadhalika, kuna tofauti kati ya masizi na majivu. Masizi huungua, lakini majivu yanayotokana na oili hayaungui, nayo hujikusanya mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana magari haya yanahitaji oili yenye majivu machache, yenye alama kama JASO DL-1 kwa magari ya Kijapani au ACEA C kwa ya Ulaya, kwa kufuata kitabu cha gari husika. Chujio lililojaa majivu husafishwa likiwa limefunguliwa kwenye gari, au hubadilishwa.

Dalili moja haipaswi kupuuzwa: kiwango cha oili kinachopanda badala ya kushuka. Usafishaji ukikatizwa mara kwa mara, dizeli ya ziada huteremka kwenye oili na kuipunguzia uzito, hatua inayoweza kuua turbo na hata injini yenyewe.

KUKATA CHUJIO SI TIBA

Kuondoa chujio na kuibadili programu ya kompyuta huzima taa, lakini chanzo hubaki. Nozeli zilizokuwa zikivuja huendelea kuvuja, na masizi yaliyokuwa yakizuiwa hutoka mtaani.

Juni 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta kwanza ni wapita njia, wauza bidhaa kando ya barabara na abiria wa magari ya nyuma.

Uingereza ilianza mwaka 2014 kulikataa katika ukaguzi wa mwaka gari ambalo chujio lake limeondolewa. Tangu Mei 2018, taa hiyo ikiwaka katika gari la dizeli lililoanza kutumika kuanzia Julai 2008 ni sababu tosha ya kuanguka ukaguzi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa upande wake, ilianza Januari 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila milioni, hatua iliyoyapa machujio hayo mazingira bora zaidi kuliko awali.

USHAURI KWA MNUNUZI

Kabla ya kununua gari la dizeli, swichi iwashwe bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima ionekane, kisha izimike injini ikiwaka. Isipoonekana kabisa, huenda balbu imekufa au imeondolewa makusudi.

Mashine ya kupimia ionyeshe pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Mengi yakiwa hayajakamilika, kuna uwezekano kwamba namba zilifutwa siku za karibuni au betri iliondolewa.

Kwa mwenye gari tayari, ni vyema amtake fundi ataje kipimo alichofanya kabla ya kutaja kipuri cha kununua. Matengenezo yakiwa ya kweli, katika mifumo mingi taa hujizima yenyewe baada ya safari 3 mfululizo ambazo kompyuta imejaribu na kukuta hakuna hitilafu.